Kosea, Usisimame

Kinachomtaabisha kwanza mtu mzima anayerudi kwenye piano ni macho. Karatasi ya nota hukaa mbali na uso, karibu urefu wa mkono ulionyooshwa, ilhali miwani ya kusomea imepimwa kwa ajili ya gazeti lililo karibu na kifua. Ukiivaa, ile mistari mitano inaungana. Ukiivua, nota zinafifia. Wenye lenzi za sehemu mbili wana taabu zaidi, kwani huwabidi wainue kidevu ili wachungulie kwa sehemu ya chini, na shingo inakakamaa wimbo haujafika hata katikati. Vitabu vya kufundishia piano nilivyovipitia havisemi lolote juu ya jambo hili. Vinaeleza urefu wa kiti, mgongo, viwiko, mkunjo wa vidole, kisha vinaanza wimbo wa kwanza.

Katika darasa letu la Jumamosi alasiri, Upanga, jijini Dar es Salaam, suala hilo lilitatuliwa na mama mmoja aliyestaafu benki. Alichukua futi ya fundi cherehani, akapima kutoka puani mwake hadi kwenye kishikio cha nota, akaenda na kipimo hicho kwa mpima macho na kumwambia: nitengenezee miwani ya hapa. Leo nusu ya darasa tuna miwani ya hapa. Haifai kwa gazeti, haifai kwa kuendeshea gari, na ukiisahau nyumbani umekuja kusikiliza tu.

Darasa lenyewe lina watu wa kila namna. Yupo huyo mama. Yupo muuguzi ambaye Jumamosi nyingine hutoka zamu ya usiku na kusinzia wakati wa nadharia. Yupo fundi majokofu anayepiga kinanda kanisani kwake tangu ujana bila kufundishwa na mtu. Yupo wakili kijana, wa pekee ambaye hajafika miaka arobaini, na baba mmoja mwenye duka la vipuri Kariakoo ambaye hajawahi kutueleza kwa nini alikuja, nasi hatujamuuliza. Mimi nilishasoma katika darasa kama hili zamani, nikaacha kwa sababu zilezile zinazowaachisha wengi: watoto, kazi za jioni, vikao vya harusi.

Mwalimu ana umri wa watoto wetu. Akiingia anatuamkia, shikamoo mama, shikamoo baba, anaitikiwa marahaba, anaulizwa habari za nyumbani. Kisha anafungua daftari la mahudhurio na mambo yanageuka. "Mama, kiwiko kimeshuka." "Baba, kidole cha nne kinafanya kazi ya cha tatu." "Dada, kucha." Na watu wenye umri wa kumzaa wanajirekebisha bila neno. Mtu aliyezoea kuwa meneja, mkuu wa wodi, au yule ambaye ukoo mzima humpigia simu kabla ya kuamua jambo, ana nafasi chache mno za kuwa asiyejua mbele ya watu. Tena hapa kutojua kunasikika mpaka nje. Mwanafunzi wa lugha akikosea anaweza kunong'ona. Wa piano hana pa kujificha, kwa sababu kibao kikishabonyezwa sauti imetoka.

Ndugu na jamaa hutuuliza kwa nini tusitafute mwalimu wa peke yetu. Jibu la haraka ni ada: ukigawana mwalimu, umegawana na gharama. Ni kweli, lakini halielezi kwa nini wakili, mwenye uwezo wa kumlipa mwalimu aje nyumbani, anavuka foleni ya Jumamosi ili akae nasi.

Nyumbani, ukiwa peke yako, kidole kikikosea unasimama. Unarudi nyuma vipimo viwili, unapiga upya, unakosea palepale, unarudi tena. Unadhani unafanya mazoezi ya wimbo, kumbe unafanya mazoezi ya kusimama, na baada ya wiki chache mkono umeshaamini kwamba wimbo una kituo mahali pale. Mwalimu wa peke yako, kwa uungwana wake, hukusubiri. Kundi halisubiri. Wenzako wameshapita, mapigo yanaendelea, nawe huna la kufanya ila kuiacha nota iliyoharibika na kudaka pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. "Kosea, usisimame," ndiyo kauli ya mwalimu wetu tangu siku ya kwanza, na huitoa bila hasira, kama konda anayehimiza abiria wasogee nyuma.

Hili ndilo ninalolishikilia kuhusu madarasa ya kundi, na niko tayari kulitetea: mtu mzima hakosi vidole wala akili ya kupiga piano, anakosa mazoea ya kuendelea akiwa amekosea huku watu wanasikia. Anayeweza hilo anaweza kumsindikiza mwimbaji, kwaya, hata mjomba mwenye gitaa. Asiyeweza, hata awe na kasi ya namna gani, atabaki na piano yake chumbani.

Wazo la kuwakalisha wanafunzi wengi mbele ya piano kwa wakati mmoja lina umri wa miaka 200 na zaidi, na aliyelipa nguvu alikuwa mtu wa vituko. Johann Bernhard Logier alizaliwa Kassel, Ujerumani, mwaka 1777, akahamia Ireland angali kijana, akawa kiongozi wa bendi ya kijeshi. Mwaka 1814 alipata hataza ya kifaa alichokiita chiroplast: fremu yenye reli, iliyofungwa mbele ya vibao vya piano, na matundu ya kupitishia vidole ili mkono usilegee wala kupinda. Kifaa hicho kilichekwa sana, na mimi nakicheka pia, ingawa Jumamosi nyingine nakitamani kwa ajili ya kidole changu cha mwisho. Lakini nyuma ya reli zile Logier alikuwa na jambo la maana zaidi. Katika madarasa yake ya Dublin, na baadaye London, wanafunzi wengi walipiga pamoja kwenye piano nyingi, na hawakuwa wa kiwango kimoja. Wanaoanza walipiga wimbo wa msingi, mwepesi; waliokomaa wakapiga juu yake wimbo uleule uliopambwa, wote kwa mapigo mamoja. Mtunzi Louis Spohr alikwenda kujionea alipokuwa London mwaka 1820 na akaandika habari zake. Serikali ya Prussia ikamtuma mtu kuuchunguza mfumo huo, kisha ikamwalika Logier mwenyewe Berlin.

Shule nyingi zilizokuja baadaye zilichukua wingi wa piano zikaacha hilo la viwango. Zikawapanga wanafunzi kwa daraja, wote wapige kitu kimoja, na aliyechelewa akawa mzigo kwa wenzake. Mwalimu wetu hufanya kama Logier. Mama wa benki, mwenye uchache wa mazoezi kwa sababu ya wajukuu, hupewa nota moja ya besi katika kila kipimo, mkono wa kushoto tu. Fundi majokofu anapamba huko juu. Mama hasubiri zamu yake, wala hafanyiwi huruma: siku asipokuja, wimbo unapepesuka na fundi mwenyewe ndiye wa kwanza kulalamika.

Umeme uligeuza sura ya madarasa haya. Mwaka 1956 Chuo Kikuu cha Ball State, Indiana, Marekani, kiliweka chumba cha piano za umeme ambacho hutajwa kuwa miongoni mwa vya kwanza vya aina yake: kila mwanafunzi na chombo chake na hedifoni zake, na mwalimu mwenye meza ya swichi za kumsikiliza amtakaye. Huko New York, Robert Pace wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, alitumia miaka mingi kuwashawishi walimu kwamba kundi lina faida zake na si njia ya mkato kwa wasio na fedha. Japani, Yamaha ilianza madarasa yake ya kundi mwaka 1954, ingawa hayo yalilenga watoto.

Sisi nasi tuna hedifoni. Zina kazi yake. Ukitaka kurudia kipimo kimoja mara nyingi bila kumkera jirani, hakuna kama hizo. Ila mimi si mpenzi wake. Zikishavaliwa, darasa moja linageuka kuwa vyumba vingi vilivyofungwa, na mgeni akiingia atasikia plastiki ikigongwa tu, tok tok tok, hakuna muziki. Nadhani hata waoga wetu wamezifanya maficho. Alasiri tulizopata faida kubwa ni zile ambazo umeme ulikatika. Vinanda vikanyamaza, tukavua hedifoni, tukahamia kwenye piano ya zamani iliyo pembeni ya ukumbi, wawili wawili kwenye benchi moja.

Nani aliileta piano ile, hakuna anayejua. Ni ya kusimama wima, ina vibao 88 kama kawaida, 52 vyeupe na 36 vyeusi, na ndani yake nyuzi zaidi ya 200 zinavuta fremu ya chuma kwa nguvu ya tani nyingi. Chombo cha namna hiyo hakipendi pwani. Unyevu ukipanda, ubao wa sauti unavimba na kuzisukuma nyuzi, hasa za katikati, nazo zinapanda sauti na kuziacha za kandoni. Hewa ikikauka zinashuka tena. Ndiyo maana piano inaweza kutengenezwa sauti mwezi huu na kupishana mwezi ule bila mtu kuigusa. Yetu ina F moja ambayo wakati wa masika ukiibonyeza hairudi, lazima uinyanyue kwa ukucha. Kwa hiyo muuguzi, ambaye huambiwa kila wiki akate kucha, ameachiwa moja kwa kazi hiyo.

Pamoja na kasoro zake, piano ile hufundisha kitu ambacho vinanda vyetu vya vibao 61 haviwezi. Vibao vyake ni vizito. Ukigusa kwa woga, nyundo haifiki kwenye uzi na husikii kitu. Ukigusa kwa hasira, ukumbi mzima unageuka. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, aliiunda piano karibu mwaka 1700 kwa ajili ya hilo hasa: sauti iwe ndogo au kubwa kwa nguvu ya kidole. Kinanda chepesi cha bei nafuu huleta sauti ileile hata ukikigusa kwa kiwiko. Anayenunua chombo cha kufanyia mazoezi nyumbani, ushauri wangu ni aanze kupima uzito wa vibao kabla ya kuhesabu milio ya tarumbeta na ngoma iliyojazwa ndani yake.

Niliporudi niliamini kwamba nimesahau kila kitu. Haikuwa hivyo, na namna nilivyokuwa nimesahau ndiyo iliyonishangaza. Nyimbo za zamani zilianza zenyewe, vizuri kabisa, vipimo vinne, vipimo nane, kisha mkono ukafika mahali ukakatika kabisa. Karibu wote waliorudi kama mimi wanasimulia hivyohivyo. Sababu yake ni ya kawaida: kila siku ya mazoezi huanzia mwanzo wa wimbo, kwa hiyo mwanzo unapigwa mara nyingi kuliko katikati, na katikati mara nyingi kuliko mwisho. Mwalimu hutugeuza. Tunajifunza kipimo cha mwisho kwanza, kisha cha pili kutoka mwisho na kuunganisha, tukirudi nyuma namna hiyo hadi mwanzo. Ukipiga kwa mpango huo, kila unapoendelea mbele unaingia mahali unapopajua zaidi.

Kilichonirudia bila kuitwa ni skeli ya C: kidole gumba, cha pili, cha tatu, kisha gumba linapita chini ya kiganja na kuanza upya, mpaka cha tano. Mpito huo wa gumba tunauona wa kawaida leo, lakini haukuwa hivyo. Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha mwaka 1753 kuhusu upigaji wa vyombo vya vibao, anasimulia kwamba baba yake, Johann Sebastian, aliwasikia ujanani mwake mabingwa ambao hawakulitumia gumba ila pale mkono ulipolazimika kutanuka. Nilimsimulia mwenye duka la vipuri habari hiyo, naye ambaye gumba lake ni la kufungulia boliti tangu utoto aliridhika sana.

Ambacho hakikurudi ni usomaji wa mistari ya mkono wa kushoto. Huo nilianza upya pamoja na wanaoanza, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilitarajii.

Wengi wetu hapa tulisoma muziki kabla ya kugusa piano, ila tuliusoma kwa solfa. Mfumo huo ulitokana na kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ukaendelezwa na kusambazwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nao. Mwanakwaya mzuri wa Tanzania hupewa karatasi asiyowahi kuiona, akatafuta do, akaimba sauti yake, ya kwanza au ya nne, bila chombo. Ni elimu kubwa, na sijapata kuona sababu ya watu kuidharau. Tatizo linaanza kwenye vibao. Do ya solfa huhama: leo iko C, kesho iko A flati, na mwimbaji hana habari kwa sababu koo halina vibao vyeusi. Piano inavyo. Kwa hiyo wapiga vinanda wengi waliojifunza wenyewe makanisani hupiga nyimbo zote mahali pamoja, kisha hubonyeza kitufe cha kuhamisha sauti mpaka ifike inapotakiwa na kwaya.

Fundi majokofu alikuwa mmoja wao, tena hodari. Alitupita wote kwa mbali. Siku umeme ulipokatika na tukahamia kwenye piano ya pembeni, mwalimu akataka wimbo upandishwe sauti moja. Fundi alikitafuta kitufe kwa macho kwenye ubao mtupu. Akacheka, tukacheka naye, na tangu siku hiyo yumo kwenye skeli pamoja nasi. Naye, kwa upande wake, ana masikio tusiyokuwa nayo. Anajua wimbo unataka kwenda wapi kabla haujafika. Wakati wa mapumziko humkalisha muuguzi, humpigia sauti tatu kwa pamoja na kumuuliza: hapa unasikia umefika, au bado uko njiani? Muuguzi, ambaye kwenye karatasi anasoma haraka kuliko yeye, humlipa kwa kumwonyesha nota za mistari. Mwalimu hakupanga ushirika huo. Katika masomo ya mtu mmoja usingetokea.

Wimbo uliotuunganisha aliuchagua mwalimu: Mungu Ibariki Afrika, wimbo wetu wa taifa. Muziki wake ni wa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, aliyeutunga mwaka 1897, na aliandika nyimbo zake kwa solfa. Kwa darasa la kundi ulitufaa mno, kwa sababu kila mmoja aliujua na alikwishaimba sauti fulani ya wimbo huo shuleni. Mwalimu akazigawa sauti nne kwa vyombo vinne, kila mtu mstari mmoja, mkono mmoja. Shida zilikuwa mbili. Kwanza, hakuna aliyevumilia kuusikia polepole. Wimbo unaoujua tangu darasa la kwanza unakusukuma uende kwa kasi yake, na vidole havina kasi hiyo. Pili, kila ulipoanza, mwenye duka la vipuri alitaka kusimama. Ni mara pekee ambapo ile kauli ya "usisimame" ilileta ubishi wa kweli darasani.

Wanaotucheka kwa kwenda shule ya muziki tukiwa na mvi huwa nawakumbusha kwamba pwani hii imejifunza muziki kwa njia hiyohiyo kwa zaidi ya karne. Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya Zanzibar, ilianzishwa mwaka 1905. Katika klabu za namna hiyo mtu alitoka kazini, akaenda mazoezini, akakaa ubavuni mwa mpiga kanuni au udi mwenye umri na kujifunza akiwa ndani ya wimbo unaoendelea. Kanuni haikumsubiri.

Mbali na hapa, waliorudi kwenye piano ni wengi, na wenye shughuli kuliko sisi. Condoleezza Rice alianza piano akiwa na miaka mitatu, akaenda chuo kikuu kusomea upigaji, akaona hatafika alikotaka, akageukia siasa za kimataifa. Alirudi kwa mwalimu alipokuwa kiongozi wa masuala ya taaluma Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1990. Mwaka 2002 alipiga Brahms jukwaani Washington pamoja na mpiga cello Yo-Yo Ma, na alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani alikutana nyumbani kwake na wapiga fidla na cello wasio wa kulipwa kufanya mazoezi. Alan Rusbridger, aliyekuwa mhariri wa gazeti la The Guardian, alijipa mwaka mmoja kujifunza Balladi ya kwanza ya Chopin, moja ya kazi ngumu za piano, kwa mazoezi ya dakika 20 hivi asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Mwaka haukutosha, maana ulikuwa mwaka wa WikiLeaks, na kitabu chake kilitoka 2013. Tamaa hiyo aliipata kambini Ufaransa, ambako watu wazima wasio wanamuziki hukutana na kupigiana piano. Mmoja wao aliipiga balladi ile. Lau angeisikia kwa bingwa kwenye rekodi tu, sidhani kama angethubutu.

Kuna maneno mengi siku hizi kwamba piano huzuia uzee wa ubongo, na napenda tuwe na kiasi. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni wa Jennifer Bugos na wenzake, Marekani, uliochapishwa 2007. Watu wa miaka 60 hadi 85 wasio na elimu ya muziki walifundishwa piano kwa miezi sita, na wakaonyesha maendeleo katika baadhi ya vipimo vya kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Ni habari njema, lakini walikuwa wachache, na walifundishwa mmoja mmoja, siyo kwa kundi. Ninaouamini zaidi, kwa sababu naujaribu kila wiki, ni ule wa usingizi. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake wa Chuo cha Udaktari cha Harvard waliwapa watu kazi ya kugonga vibao kwa mkono wa kushoto kwa mpangilio wa vidole 4-1-3-2-4, haraka iwezekanavyo. Waliolala usiku mmoja waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa takriban asilimia 20 bila kufanya mazoezi ya ziada. Waliokaa macho kwa muda kama huo hawakupata kitu cha kutajika. Kwa muuguzi wa zamu za usiku hili siyo somo la kitabuni. Amegundua kwamba kipimo alichokishindwa alasiri, akalala nacho, asubuhi kimelegea, na kile alichokwenda nacho kazini kinabaki kigumu vilevile. Sasa hupanga mazoezi kulingana na ratiba ya wodi.

Sitaki kulisifia darasa la kundi kupita kiasi. Msiba ukitokea, watu watatu hawapo na sauti mbili zimekufa. Anayekwenda haraka huchoka kusubiri, na baadhi ya walioondoka kwetu waliondoka kwa sababu hiyo, kwa haki yao. Baya zaidi ni mwili. Mwalimu mmoja hawezi kuona kifundo cha mkono cha kila mtu, na mtu mzima huvumilia maumivu kimyakimya kwa kudhani ni umri. Kifundo kilichokazwa kwa miezi huleta maumivu ya mishipa yasiyoondoka kwa wiki moja ya kupumzika. Kwa hiyo nawashauri wanaojiunga walipie, japo mara chache, saa moja ya peke yao na mwalimu, siyo kwa ajili ya nyimbo, bali atazame mabega, viwiko na vifundo tu. Mtoto akikaa vibaya mama yake atamwona. Sisi hatuna wa kututazama.

Sasa tuna onyesho mbele yetu, dogo, la ndugu na marafiki. Mwalimu amependekeza kipande cha watu watatu kwenye piano moja, mikono sita. Rachmaninoff aliandika viwili vya namna hiyo, mwaka 1890 na 1891, akiwa hajatimiza hata miaka 20, kwa ajili ya dada watatu wa familia moja aliyoifahamu. Hivyo ni juu ya uwezo wetu, kwa hiyo mwalimu ametuandikia cha kwake, kwa nota za mistari, na solfa kwa penseli chini yake. Benchi ni la watu wawili, na watu wenyewe ni wa umri wa kushiba, basi wa katikati atakaa kwenye kiti cha plastiki kutoka jikoni.

Bado hatujakubaliana nani achukue besi. Mama wa benki anasema ni yake tangu mwanzo, na hajaona sababu ya kuhamishwa. Fundi anasema anayekaa kushoto ndiye mwenye pedali, na pedali inataka mtu asiyevaa viatu vya kisigino. Mama amejibu kwamba atavua viatu. Wakili ameombwa aamue, amesema hawezi kutoa neno kabla ya kusikiliza pande zote mbili, na kwamba ada yake ni ya kawaida.